Dipoziti Ni Pesa Yako, Hama Nayo

Wapangaji wengi wanaijua desturi ya kukula dipoziti. Mwezi wa mwisho ukifika, mpangaji halipi kodi. Keyateka akija kugonga mlango anaambiwa, "Si mko na dipoziti yangu? Kateni hapo." Tarehe 30 usiku pikapu inaingia kwa ploti taa zikiwa zimezimwa, godoro na mtungi wa gesi vinapakiwa haraka haraka, ufunguo unaachiwa jirani, na simu inazimwa. Iwe ni Oruba pale Migori au Sofia pale Homa Bay, hadithi ni ile ile.

Kusema ukweli, naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Wengi wameshaona rafiki akizungushwa miezi mitatu kwa ajili ya pesa yake mwenyewe. "Njoo wiki ijayo." "Ngoja mpangaji mwingine aingie." "Hiyo imeenda kwa rangi." Mtu akisikia hayo mara mbili anaamua bora ajilipe mwenyewe mapema.

Lakini maoni yangu ni kwamba desturi hii inamuumiza mpangaji kuliko inavyomuumiza mwenye nyumba. Kuna njia bora ya kuipata hiyo pesa, na kifaa chake unacho mkononi sasa hivi: simu unayolipia kodi kila mwezi.

Huku kwetu watu wanahama sana

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka wa 2013, miji yetu imejaa watu waliokuja kwa kazi na ambao wataondoka kwa kazi. Kuna muuguzi aliyeajiriwa Migori na baadaye akapata nafasi Homa Bay. Kuna mwalimu aliyehamishwa kutoka Awendo hadi Mbita, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au wa Tom Mboya anayemaliza masomo, na mfanyabiashara wa Isebania anayefuata soko. Hawa wote wanakaa nyumba za kupanga, na wengi wanapata habari ya kuhama wakiwa na wiki chache tu za kujipanga.

Sasa fikiria hesabu hii. Tuseme unakaa bedsita ya Sh6,000 Migori, na dipoziti yako ni Sh6,000. Umepata kazi Homa Bay na nyumba mpya ni Sh7,000. Huko utadaiwa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, yaani Sh14,000. Ongeza gari la kubeba vitu, tuseme Sh5,000. Hiyo ni Sh19,000 inayotakiwa ndani ya wiki moja, kabla mshahara mpya haujaingia. Ukirudishiwa dipoziti yako siku ya kutoka, unabaki kutafuta Sh13,000. Usiporudishiwa, pengo hilo utaliziba kwa mkopo wa simu na utalipa na riba juu yake. Kwa hivyo dipoziti ikichelewa, unagharamika hata kama siku moja utalipwa yote.

Halafu kuna umbali. Ukishahamia Homa Bay, kurudi Migori kudai pesa yako ni kupita Rodi Kopany, Rongo na Awendo, na kurudi njia hiyo hiyo jioni. Ukienda mara mbili ukiambiwa "mzee hayuko", nauli na siku za kazi ulizopoteza zimeanza kuila ile dipoziti. Ndiyo maana nasema vita ya dipoziti inashindwa au inapotea kabla hujatoka kwa mlango. Ukishatoka, nguvu yako imepungua nusu.

Kwa nini kukula dipoziti hakukusaidii

Kwanza, dipoziti iliwekwa kwa ajili ya uharibifu na bili zilizobaki. Haikuwekwa iwe kodi. Usipolipa mwezi wa mwisho bila makubaliano, wewe ndiye uliyevunja mkataba, na kila ulichokuwa unadai kinageuka kuwa unachodaiwa.

Pili, unaharibu rekodi yako. Ukiwa na miezi kumi na nane ya malipo safi kwenye simu halafu mwezi mmoja mtupu mwishoni, mwenye nyumba akisema "huyu alitoroka na deni", taarifa yako mwenyewe inamuunga mkono.

Tatu, anayefuata ndiye anayelipia. Mwenye nyumba aliyeachiwa sinki imepasuka, bili ya maji na kodi ya mwezi ambayo haikulipwa atamdai mpangaji mpya dipoziti ya miezi miwili. Na huyo mpangaji mpya anaweza kuwa wewe, katika mji mwingine.

Kuna hali moja tu ambapo naikubali, na ni pale mwenye nyumba mwenyewe anapokubali kwa maandishi. Mwandikie: "Mzee, naomba dipoziti yangu iwe kodi ya mwezi wa mwisho." Akijibu kwa SMS au WhatsApp "sawa", basi hayo ni makubaliano. Hifadhi huo ujumbe. Kukaa kimya bila kulipa hakuhesabiki kuwa makubaliano.

Kuhama kunaanza siku ya kuingia

Najua inasikika kinyume, lakini kinachokurudishia dipoziti ni ulichofanya siku uliyoilipa. Ukilipa kwa simu, jina la aliyepokea, tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala vyote viko. Ukilipa pesa taslimu kwa keyateka, na keyateka akafukuzwa kazi mwaka unaofuata, unabaki na neno lako dhidi ya lake.

Lakini kulipa kwa simu peke yake hakutoshi. Angalia mambo haya:

- *Lipa kwa namba iliyo kwenye mkataba.* Ikiwa ni Paybill, weka namba ya nyumba yako kwenye sehemu ya akaunti, na usiibadilishe badilishe kila mwezi. Ikiwa ni Till, hakuna sehemu ya akaunti, kwa hivyo mtumie mwenye nyumba ujumbe mara tu unapolipa: "Kodi ya Juni, nyumba 7", pamoja na namba ya muamala.
- *Tenganisha dipoziti na kodi.* Ukituma Sh12,000 kwa mkupuo mmoja, baadaye mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa kodi ya miezi miwili. Tuma Sh6,000 mara mbili na useme ipi ni ipi. Ada ya kutuma itaongezeka kidogo, lakini ni bei ndogo kwa ushahidi.
- *Ukiambiwa namba imebadilika, piga simu kwa mwenye nyumba.* Usimpigie aliyekuambia. Na kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini.
- *Usitegemee SMS pekee.* Simu huibiwa, huanguka kwa maji, hufutwa ujumbe. Taarifa ya akaunti yako iko kwa kampuni ya huduma, na unaweza kuiomba kupitia programu au menyu ya simu. Iombe kabla hujahama na uitume kwa barua pepe yako.

Siku hiyo hiyo ya kuingia, piga picha. Ufa kwenye ukuta, kioo kilichovunjika, mlango usiofunga, mfereji unaovuja. Mtumie mwenye nyumba hizo picha kwa WhatsApp ili tarehe ibaki pale. Dakika kumi tu, na hakuna atakayekudai kioo ambacho hukukivunja.

Notisi iwe ya maandishi

Wapangaji wengi hutoa notisi kwa mdomo: "Mzee, mwezi ujao nitatoka." Mzee anasema sawa, halafu mwezi ukifika anasema hakuambiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba kwa upangaji wa kipindi kwa kipindi, notisi isipungue kipindi hicho. Ukilipa kwa mwezi, notisi ni mwezi mmoja, na iishe siku ambayo kodi hulipwa. Ikiwa mkataba wako unasema vingine, fuata mkataba. Kwa hivyo itume kabla mwezi mpya haujaanza. Ukingoja hadi tarehe tisa, utakuwa umempa sababu ya kukukata.

Si lazima uwe mwanasheria. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari ya asubuhi Mzee. Mimi ni mpangaji wa nyumba namba 7. Nakupa notisi ya mwezi mmoja: nitahama tarehe 31 Oktoba. Kodi ya Oktoba nitalipa kama kawaida. Dipoziti niliyoweka ni Sh6,000. Naomba tukague nyumba pamoja tarehe 30 saa kumi jioni, halafu dipoziti irudishwe kwa namba hii ninayotumia kulipa kodi. Asante sana kwa kunikaa nao vizuri."

Una heshima, una tarehe, una kiasi, na una njia ya kurudisha pesa. Mzee wa watu hawezi kukasirikia ujumbe kama huo. Na ikiwa hatumii WhatsApp, SMS inatosha. Ikiwa hasomi ujumbe kabisa, mpelekee karatasi kupitia keyateka, mwombe atie sahihi kwenye nakala yako, kisha uipige picha.

Wiki ya mwisho: maliza bili, usiache mkia

Bili ndogo ndizo zinazotumika kushikilia dipoziti kubwa. Zimalize moja moja.

Stima kwanza. Ikiwa mita yako ni ya tokeni, kumbuka kwamba tokeni ulizoweka zinabaki na mita. Huwezi kuzibeba hadi Homa Bay. Wiki mbili za mwisho nunua kidogo kidogo, hata Sh100 kwa Sh100, kupitia namba 888880 ya Kenya Power au kwa njia ya ploti yenu kama mna mita ndogo. Ikiwa mita ni ya bili ya mwezi, lipa hadi salio liwe sufuri na upige picha ya namba zilizo kwenye mita siku unayotoka.

Maji pia. Kuna ploti zilizounganishwa na kampuni ya maji ya kaunti na kuna zile za kisima au tangi ambapo keyateka ndiye hukusanya. Zote mbili dai hesabu ya mwisho, lipa kwa simu, na useme kwenye ujumbe ni maji ya mwezi gani. Usisahau pesa ya taka na ya mlinzi ikiwa mlikuwa mnachanga.

Halafu rangi. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Ukuta uliofifia kwa kukaliwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida, na mimi naamini mpangaji hafai kuulipia. Lakini misumari ya televisheni, masizi ya jiko la makaa na michoro ya watoto ni zako. Ikiwa mkataba unasema utapaka rangi ukitoka, tafuta fundi wako, kubaliana bei, na utume picha kazi ikiisha. Ikiwa mwenye nyumba anataka kukata pesa ya rangi, mwombe akuambie kiasi kamili kabla ya siku ya kutoka, pamoja na bei ya rangi na ya fundi. "Imeenda kwa rangi" bila kiasi usiikubali kuwa hesabu.

Siku ya ufunguo: utaratibu ni huu

Pakia vitu mchana. Anayehama mchana haonekani kama anayetoroka, na majirani wanakuwa mashahidi. Dereva wa gari mlipe nusu mkianza kupakia na nusu mkishusha salama mwisho wa safari, zote kwa simu.

Nyumba ikiwa tupu na imefagiliwa, piga video fupi: kuta, choo, sinki, madirisha, mita. Kisha kagua pamoja na mwenye nyumba au keyateka. Kama kuna kitu cha kukata, kikatwe hapo hapo kwa kiasi kinachojulikana.

Baada ya hapo pesa itumwe kwa simu, na ufunguo utolewe. Yote yafanyike pale pale mlangoni. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Pesa inafika kwa sekunde chache, kwa hivyo sababu ya kusema "tutaonana wiki ijayo" haipo tena. Mambo ya nani alipie ada ya kutuma na "ya kutoa" yasiwavunje urafiki. Mimi ningejilipia ya kutoa nikafurahia safari yangu.

Na ikiwa kweli mwenye nyumba hana pesa siku hiyo? Hutokea, kwa sababu wengi dipoziti ilishatumika siku ile ile waliyoipokea. Basi akuandikie ujumbe: "Nitakutumia Sh3,000 tarehe 5 na Sh3,000 tarehe 20." Ahadi yenye tarehe na kiasi unaweza kuidai. "Nitakuangalilia" huwezi kuipeleka popote.

Akikataa kabisa

Anza kwa upole, na kwa maandishi. Mkumbushe kiasi, tarehe uliyolipa, namba ya muamala, na siku mliyokagua nyumba. Mpe siku kadhaa. Katika miji yetu, mzee wa mtaa au chifu akimpigia simu mara nyingi jambo linaisha bila kelele.

Isipoisha, kuna sheria. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake rasmi haizidi Sh2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake la kusikiliza wapangaji na wenye nyumba. Kwa madai ya pesa hadi Sh1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ambayo inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Uliza kwenye masijala ya mahakama iliyo karibu nawe ni kituo gani kinachosikiliza madai hayo.

Na sheria za ushahidi za Kenya zinaruhusu rekodi za kielektroniki. Ndiyo maana nimekusumbua na picha, ujumbe na taarifa za akaunti tangu mwanzo. Zikiwa zimepangwa vizuri, mara nyingi hata mahakamani hutafika, kwa sababu mwenzako akiziona anajua mwisho wake.

Chunga walaghai wa msimu wa kuhama

Ukiwa Migori unatafuta nyumba Homa Bay, utakutana na matangazo ya vyumba vizuri kwa bei ya kushangaza, na mtu atakuambia, "Tuma dipoziti nikushikie, watu ni wengi." Usitume. Kama huwezi kufika, tuma rafiki aione nyumba, aulize majirani, amuone mwenyewe. Ukishatuma pesa kwa namba isiyo sahihi, wasiliana na huduma yako mara moja ili muamala usimamishwe kabla pesa haijatolewa. Kila dakika ina thamani.

Ujanja mwingine ni wa simu inayosema, "Nataka kukurudishia dipoziti, nipe PIN yako." Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Hakuhitaji pia namba ya siri iliyotumwa kwa SMS, wala kubonyeza menyu ambayo mtu anakuelekeza. Anayetaka kukulipa anahitaji namba yako ya simu tu.

Neno kwa wenye nyumba

Nilisomea uuzaji chuoni, na somo moja linawahusu ninyi moja kwa moja: mteja anayeondoka akiwa ameridhika ndiye tangazo la bei nafuu kuliko yote. Nyumba ya Sh6,000 ikikaa mwezi mmoja bila mtu, umepoteza Sh6,000, sawasawa na ile dipoziti uliyokuwa unaing'ang'ania. Mpangaji uliyemrudishia pesa yake mlangoni atawaambia wenzake hospitalini, shuleni au kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi kwamba kwa fulani hakuna shida. Uliyemzungusha naye atasema, na atasema kwa sauti zaidi.

Dipoziti ni pesa ya mtu mwingine unayomtunzia. Iweke kando siku unayoipokea, hata kwenye akiba ya simu ile unayoifunga hadi tarehe fulani, ili siku ya ufunguo usianze kukopa. Mwenye nyumba wa kwanza mtaani atakayesema "dipoziti yako inarudi siku hiyo hiyo kwa simu" sidhani atahitaji kubandika kibao cha "Nyumba inapatikana" kwa muda mrefu.

Na wewe mpangaji, hata kama huhami mwaka huu, fanya jambo moja leo. Tafuta kwenye simu yako muamala wa dipoziti uliyolipa. Ukiupata, uhifadhi mahali salama. Usipoupata, omba taarifa ya akaunti leo hii. Na ikiwa ulilipa pesa taslimu, mwandikie mwenye nyumba ujumbe mmoja wa heshima: "Mzee, nakumbuka dipoziti yangu kwako ni Sh6,000, ni sawa?" Neno "ndiyo" analolijibu leo, mkiwa bado mnasalimiana vizuri, litakusaidia siku ya kupakia godoro.